Goti Langu Limekubali, Dada Nekesa

Dada yangu Nekesa,

Wamenibadilisha goti. Naanza na hilo kwa sababu ungekuwa hapa ungenikatiza salamu na kuniuliza juu yake.

Tulizaliwa na mwili mnene wa aina moja, wewe na mimi, na magoti yale yale mabovu. Unakumbuka kule Rongai, tulivyokuwa tukiketi kwenye magunia ya mahindi tukijifanya tunachagua, kumbe tunapumzika? Mwenye duka akatuuliza, "Mama zangu, leo mnanunua ama mnalala?" Ulicheka mpaka gunia likatikisika.

Wewe ndiye uliyetangulia kupunguzwa tumbo kwa upasuaji. Daktari wako alisema goti halitaguswa kabla uzito haujashuka. Ulipungua mpaka majirani wa Kiamunyi wakaanza kunong'ona. Ulikula vijiko vichache vya uji, ukasukuma bakuli. "Nimeshiba, Nafula. Tumbo langu sasa ni la mtoto." Nywele zako zilikuwa zinakatika. Sote tuliangalia mizani, na mizani ilikuwa inatufurahisha.

Goti jipya likawekwa. Ulitembea na fremu hadi mlangoni, ukanipigia simu ukipiga vigelegele. Kisha bandeji ikaanza kulowa. Kila nilipoifungua ulinitazama usoni, hukutazama mguu.

"Niambie ukweli," ulisema.

"Hii mguu inatoa maji, dada. Twende hosi."

Hospitalini walikuosha kidonda, wakakuosha tena, mwisho wakalitoa goti lenyewe la chuma. Lakini usaha ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Hukurudi Kiamunyi.

Mimi nami nilikuwa nimeshapunguzwa tumbo kama wewe. Baada ya kukuzika sikutaka kusikia habari ya goti. Nilitembea kwa fimbo, halafu kwa fimbo mbili, halafu nikaacha kabisa kutoka nyumbani. Nilipoenda hatimaye kwa daktari mwingine, nilimweleza yako yote kabla hajanigusa.

"Siwezi kujua ni nini kilimpata dada yako," alisema. "Lakini wewe sikati chochote kabla ya kupima damu."

Damu ilikuwa chini, na protini pia. "Umepunguza uzito, mama, lakini mwili una njaa." Akanirudisha nyumbani na dawa za kuongeza damu, akaniambia nile mayai, samaki wa omena na maziwa, kidogo kidogo, kutwa nzima. Nilikula kwa hasira. Nikarudi, akapima, akaahirisha tena. Siku hiyo nilimtukana, naye akaniandikia tarehe nyingine. Alipokubali, hakuniahidi kitu. Kidonda kinaweza kukataa kupona hata sasa, alisema, na nisaini nikijua hivyo. Nikasaini, wakaniwekea goti.

Binti yako Nanjala aliomba ruhusa kazini akaja kukaa nami. Siku ya kufungua bandeji alisimama mbali, mgongo ukutani, mikono kifuani. Nesi alivuta plasta polepole. Nilifumba macho nikingoja harufu ile ya usaha. Wewe unaijua.

"Pamekauka," nesi akasema. "Mathe, fungua macho. Pamekauka kabisa."

Nanjala hakutabasamu. Alingoja nesi atoke, ndipo akauliza, "Anti, kwa nini goti lako limekubali na la mama likakataa?"

Nikamweleza habari ya damu, mayai na kule kungojangoja. Nikamwambia pia kwamba hata daktari hana hakika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. Hilo halikuwa jibu alilotaka, dada. Nikaogopa kwamba atachukua mkoba wake aende, na kwamba kila akiliona goti langu ataliona lako.

Halafu akaja kando ya kitanda, akainama, akaniwekea bega lake pana.

"Haya, Anti. Simama."

Nikasimama. Uzito wangu wote ulimwangukia mtoto wako, na hakuyumba.

Lala salama, dada.

Mdogo wako,
Nafula