Moshi wa Banda Langu

Jumatatu, 8 Juni 2020

Oda ya hoteli za Zanzibar niliipoteza Machi, ndege zilipoacha kuja. Korosho zangu nyeupe, kazi ya miaka tisa, zikabaki kwenye magunia. Moto wa banda nikauzima, wabanguaji nikawarudisha makwao. Hapa Newala hatukufungiwa. Waliofungiwa ni walaji wangu, huko kwao.

Leo nimefagia banda. Hakuna cha kufagia. Nimefagia.

Jumatano, 10 Juni

Mnunuzi wa hoteli kapiga simu. Hoteli zinafunguliwa, anataka mzigo. Nimemwambia Jumamosi naanza kuchoma. Nimefurahi hadi nikasahau kula.

Nikaenda kumwamkia Mama, nyumba yake iko nyuma ya banda. Nimemkuta anatwanga kisamvu huku anaimba. Anatwanga na kuimba, kwa pumzi moja! Kifua hakipigi filimbi. Dawa yake ya pumu, ile ya kuvuta, nimeitikisa: bado nzito. Niliinunua kabla ya corona. Zamani haikumaliza mwezi.

Sipendi hesabu hii.

Alhamisi, 11 Juni

Mama Shaibu amekuja. Jirani, na ndiye mbanguaji wangu mwepesi kuliko wote. Habari kwamba Jumamosi nawasha moto zimeshamfika. Kaketi, kazunguka na habari za maji, mara anaeleza jinsi madirisha yanavyolala wazi mtaani, jinsi shuka zinavyokauka bila kunuka.

"Corona ilitufungulia madirisha, Mama Asha. Usije ukayafunga wewe."

Nimemuuliza kama kazi haitaki.

"Kazi naitaka. Moshi ndio siutaki."

"Kwa hiyo korosho nichome kwa mbalamwezi?"

Kacheka. Mimi sikucheka. Watoto wake wanavaa sare kwa moshi huo huo. Nimekasirika mchana kutwa. Hakuna aliyenipa mtaji, nilianza na karai la kuazima, na leo kila mtu ana pua.

Nikamwambia kinachowakohoza watu ni salfa, dawa ya mikorosho, si moshi. Kila mwaka Juni wanapuliza mikorosho, vumbi linafika hadi jikoni, mtu akikohoa analaumiwa mchomaji. Kaaga.

Ijumaa, 12 Juni

Salfa haikubali kubeba lawama. Shamba la jirani wamepuliza tangu Jumatatu, mashine inanguruma alfajiri, na Mama analala fofofo.

Basi nimejaribu. Baada ya sala ya Ijumaa nimechoma karai moja tu. Mafuta ya maganda yakashika moto, moshi mweusi ukainuka, ukapinda, ukaenda moja kwa moja kwa Mama. Nilikuwa nimesimama pale naangalia. Mama katoka, kafunga dirisha, kaweka kitambaa chini ya mlango. Hakunitazama. Mikono yake ilifanya haraka, imezoea.

Magharibi filimbi imerudi kifuani. Nimemuuliza. Kasema, "Baridi tu hii ya Juni, mwanangu."

Kisha kasema kesho anakwenda Chiwata kwa kaka yangu, kutembea kidogo.

Kutembea. Kila msimu nikianza kuchoma, anakwenda Chiwata kutembea. Miaka yote nimenuna, nikidhani ananikimbia wakati wa kazi nyingi, anampenda kaka kuliko mimi. Nimewahi hata kumsema kwa watu.

Mwongo, mama yangu. Mwongo wa kunistahi.

Jumamosi, 13 Juni

Moto haujawaka. Asubuhi nimekwenda kuangalia kiwanja changu cha ukingoni, chini ya barabara. Hakuna nyumba. Upepo unatelemka bondeni. Maji ni ya kubeba kichwani, na banda kulijenga upya huku ni majuma. Mnunuzi anaweza asingoje.

Nimerudi. Mfuko wa Mama uko mlangoni, kanga ya safari juu yake. Yeye anachambua mchele polepole.

Jibu nalijua. Lakini nikihamisha yeye akiwa kimya, ataondoka vilevile, akiamini kaniharibia riziki, na atarudi kusema baridi. Nataka litoke kinywani mwake.

Nimeketi naye mkekani. Nimemwambia kwa heshima, taratibu.

"Mama, kinachokubana kifua ni moshi wangu, au si moshi wangu? Mnunuzi anapiga simu alasiri. Nijibu kabla ya adhana ya alasiri. Baridi usiitaje."

Anachambua. Adhuhuri imepita.