Nyumba Uliyojenga na Mama Huko Kighare

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Kabla ya yote nakusihi: isome barua hii ukiwa peke yako, na neno lililomo lisitoke kinywani mwako, hata kwa ndugu zako huko Nyasa, ng'ambo ya mpaka. Wajomba bado wana siku za kukata rufaa. Tena mkuu wangu hapa ofisini Same hajui kwamba nilinakili kifungu cha sheria ya ndoa nikakipeleka mahakamani. Hakuna aliyenikataza, lakini hakuna aliyeniruhusu pia, nami ni mwoga, unanijua.

Hawakuichukua nyumba. Nakuambia hili mapema ili usisome kwa wasiwasi.

Nakumbuka ulivyokuwa ukipanda mlima kila Jumamosi kutoka kwenye shamba la mkonge, sukari umeifunga ndani ya leso. Mama akikuona unahema kwenye kona ya mwisho, alicheka: "Mnyasa wangu atakata roho kabla ya chai!" Kisha ukaacha mkonge, ukahamia kwetu, mkaanza kujenga. Wewe uliponda mawe, yeye aliteka maji na kukanda udongo. Mimi nilileta vijiwe visivyofaa kitu. Ukakiweka kimoja juu ya dirisha na kuniambia, "Haya fundi mdogo, na wewe umejenga."

Kufunga ndoa mlitaka. Mchungaji alidai barua kutoka kanisa la kwenu, nayo haikufika. Mwaka ukapita, ukaja mwingine, kahawa ikazaa, na hakuna aliyeuliza tena.

Waliuliza tulipomzika Mama. Mjomba Elieza hakungoja hata matanga yaishe. "Bwana, wewe ni mgeni, na dada yetu hukumwoa. Ardhi hii alipewa na baba yetu." Hukubishana. Ulifunga mzigo, ukaniambia tu niiangalie migomba. Nilikasirika, Baba. Nilidhani umetuacha. Sasa naelewa kwamba uliamini maneno yake.

Walipofungua shauri wakabidhiwe nyumba, nilisimama mimi. Nikasoma kifungu nilichonakili. Sheria inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakiwajua kama mke na mume, huchukuliwa kuwa wameoana, mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Mjomba akasema, "Alikuwa mpangaji. Tulimhifadhi tu."

Hapo nikakumbuka mwaka ulipougua malaria. Unajua msaragambo wetu: pembe ikilia, kila mwenye mji hutoka na jembe kuzibua mfereji. Mpangaji haitwi.

"Mjomba," nikauliza, "Baba alipokosa msaragambo, mlimtoza nini?"

"Mbuzi. Ndiyo desturi."

Mzee mmoja wa baraza akainua kichwa. "Elieza, mlimtoza mpangaji mbuzi?"

"Sio mpangaji, mzee, tulimtoza shemeji..." Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Na kichwa cha mbuzi Elieza alikula mwenyewe!" Watu wakacheka hadi hakimu akagonga meza.

Hakimu aliamua kwamba mliishi kama mke na mume, na kwamba nyumba na kahawa ni jasho lenu wote wawili. Ardhi haiwezi kuandikwa kwa jina lako kwa kuwa wewe si raia, basi imeandikwa kwa jina langu, nawe una haki ya kukaa humo na kuvuna kahawa maisha yako yote. Hiyo sehemu ya jina ilinisumbua. Sikutaka uone nimekupokonya. Ukitaka, nitaapa mbele ya mchungaji yuleyule kwamba nyumba ni yako.

Nina furaha, Baba. Naogopa bado, lakini Jumapili nilikaa kibarazani nikamenya ndizi, na hofu ikanisahau kwa muda.

Usinijibu kwa anwani ya ofisi, barua hufunguliwa. Andika kwa Mwalimu Mkuu, Shule ya Kighare, na ndani uweke bahasha ya pili yenye jina langu. Ukiteremka Same, usije kuniulizia kaunta. Mbele ya stesheni yupo mama anayeuza chai chini ya bati jekundu; mwambie umefika, nami nitatoka saa tisa na nusu. Ukinikosa, panda gari la Kighare, uendelee hadi nyumbani. Mlango haufungwi mchana. Usipige hodi.

Mwanao uliyemlea,
Karani wa Same