Betri Tulizoanika Juani

Kelvin mwanangu,

Albamu yenu imetoka. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, hungetaka nikusalimie kwanza na nikuulize habari za huko ndipo nifike. Imetoka, ile uliyosema itatoka Krismasi, halafu ukasema Pasaka, halafu ukaacha kabisa kutaja sikukuu. Rono ameitoa juzijuzi, iko kwa simu za watu. Ningekupigia, lakini wewe unajua ni muda gani nimekuwa nikikupigia. Kwa hivyo naandika hapa mtandaoni, mahali kila mtu anaweza kusoma. Labda mmoja wao amekuona.

Unakumbuka siku ulinisikizisha huo muziki mara ya kwanza? Nilikuwa nimekaa nje kwa stuli nikichagua maharagwe. Ukaja na kile kispika chako kidogo, ukakiweka juu ya debe. Mtu akaanza kuimba kwa sauti nzito, inavutwa, inalala, ngoma inapiga moja halafu inafikiria kabla ya kupiga ya pili. Nikakwambia bila hata kuinua kichwa, "Kelvin, betri zimeisha. Zitoe uzianike juani."

Ulicheka mpaka ukakaa chini kwa mchanga. Rono rafiki yako alikuwa nyuma yako ameshika tumbo, "Mathe! Aki mathe ameniua!" Na mimi sikuwa nafanya mzaha. Sisi tulikua na redio kaseti. Mwimbaji akianza kunguruma kama mtu amelewa, ulitoa betri, ukaziuma kidogo na meno, ukazipanga juu ya bati ziote jua mchana kutwa. Jioni zilikuwa zinakupatia wimbo mmoja, ukibahatika miwili. Marehemu baba yako alikuwa na safu yake pale dirishani, na hakuna mtu aliruhusiwa kuzigusa.

Ulipomaliza kucheka ulipangusa macho ukanieleza.

"Hizo si betri, mathe. Ndivyo wanaimba. Hao ni watu wa kusini mwa Marekani. Hip hop ya kusini. Wanapunguza mwendo makusudi."

"Makusudi ya nini?"

"Ndio neno likae. Hao walikuwa wanachekwa na watu wa miji mikubwa, ati wanaongea kishamba. Kama sisi wa Gilgil vile tunachekwa Nairobi."

"Lakini Gilgil iko juu ya Nairobi. Si kusini."

"Kusini si ramani, mathe. Kusini ni pale wanapokucheka."

Jioni hiyo mlikuwa tayari mna jina la albamu, Betri Juani, na hamkuwa na hata wimbo mmoja.

Halafu mkachukua banda langu la kuku. Kuku walikuwa wamekwisha kwa ule ugonjwa, na mimi sikuwa na nguvu ya kuanza upya, nikawaambia chukueni. Mkafagia, mkapiga chokaa, mkaniomba trei za mayai za kubandika ukutani ili sauti isirudi. Nilizitoa pale hotelini Kikopey ninapopika ugali. Nilikuwa nazifunga na kamba nazibeba kichwani, na watu barabarani wakidhani ni mayai walikuwa wananipisha njia kwa heshima. Mpaka leo mwenye hoteli ananiuliza, "Mama Kelvin, zile trei ziliangua nini?"

Na siku mliniibia sauti! Nilikuwa naosha sufuria nikiimba wimbo wa kanisa, ule huwa naimba bila maneno mdomo ukiwa umefungwa. Kumbe simu yako ilikuwa juu ya ukuta. Siku ya tatu hivi mkaniita bandani, mkanipatia kiti kama mgeni. Nikasikia mwanamume mzee sana akiguna wimbo wangu, polepole, kama anapanda mlima.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mathe. Tumekupunguza mwendo."

"Mimi? Huyo ni babu yangu amefufuka."

Rono alicheka akaanguka juu ya mtungi wa maji. Lakini usiku ule sikupata raha rohoni, na asubuhi nilikuuliza, je, wimbo wa Mungu ukivutwa namna hiyo, Mungu mwenyewe ataujua? Ulikuwa unakunywa chai. Ukasema, "Mungu hana haraka, mathe. Sisi ndio tuna haraka." Nilifurahi sana, ila sikukuonyesha. Nilisema moyoni, kumbe huyu mtoto alikuwa anasikiliza kule kanisani wakati mimi nilidhani anasinzia.

Haraka, kweli, hamkuwa nayo. Rono akapata kibarua Olkaria, kwa yale mabomba ya mvuke, akawa anarudi siku wewe haupo. Wewe ukawa unaenda Nakuru kuendesha gari la watu la mizigo, unarudi siku yeye ameshaenda. Ikawa mnaimba kama watu wa zamu. Yeye anaacha sauti yake kwa kompyuta, wewe unakuja unaweka yako juu. Nikiwauliza, mlikuwa mnasema imebaki kidogo tu. Watu wa mtaa walianza kuwacheka. "Mama Kelvin, ile albamu bado iko kwa mayai?" Nilikuwa nacheka nao, lakini nilikuwa nawatetea.

Ulipopata ile kazi ya udereva Uarabuni, nyimbo zote zilikuwa zimekwisha isipokuwa ya mwisho. Rono alikuwa ameimba sehemu yake, sauti yangu ya mzee iko chini, na mahali pako pamebaki ngoma tupu. Ulisema utaimba ukiwa huko, utume kwa simu. Asubuhi ya kuondoka niliweka mkono juu ya kichwa chako nikaomba, na ulikuwa umekuwa mrefu hata ikabidi uiname. Nikalia kidogo. Ukasema, "Acha bwana, mathe. Nikirudi nitakuletea katoni nzima ya betri mpya."

Mara ya mwisho kusikia sauti yako ni ule ujumbe ulinirekodia. Siwezi kuuandika wote hapa, mwingine ni wetu. Lakini ulianza kama kawaida, "Sasa mathe, umekula?" na mwishoni ukasema, "Mwambie Rono mistari yangu iko tayari. Natuma nikipata mahali hakuna kelele."

Halafu ukawa mteja. Kila nikipiga, ni yule mwanamke wa simu ananijibu kwamba mteja hapatikani.

Kelvin, nimejaribu. Nataka ujue hivyo, usije ukafikiri mama yako alikaa tu. Nilienda Nairobi kwa ile ofisi iliyokupeleka, nikakuta mlango ni ule ule lakini ndani wanauza mapazia. Nilienda polisi, wakaandika, wakaniambia, "Mama, wewe ngoja." Nilienda ofisi nyingine kubwa, nikapewa nambari ya kupiga, na hiyo nambari haishikwi. Sina kisomo cha kugombana na watu wa ofisi. Wakiniambia kaa hapo, nakaa. Wakiniambia rudi kesho kutwa, narudi. Nimebaki na magoti yangu tu, na siku zingine hata magoti yanaamka bila neno, kwa maana sijui nikuombee nini. Ulindwe? Utolewe mahali? Upumzishwe? Huwa nasema, "Baba, wewe unajua," halafu nanyamaza.

Unajua vile mchungaji wetu hufanya Jumapili kabla ya mahubiri. Anasema wenye wagonjwa wasimame waombewe. Halafu wenye wasafiri. Halafu waliofiwa. Mimi nasimama na wenye wasafiri. Mwanzoni tulikuwa wengi, wenye watoto chuoni, wenye bwana anaendesha lori mpaka mpakani. Siku zingine sasa nasimama peke yangu, na kanisa lote linanitazama mgongo. Wanapoitwa waliofiwa, nasikia kabisa vile watu wanangoja kuona kama nitasimama. Nashika benchi nakaa.

Mama Wairimu, yule kiongozi wetu wa akina mama, alikuja nyumbani na wenzake wawili, wakaleta mkate na maziwa. Wakakaa. Wakasema kwa upole kwamba mtu akipotea muda mrefu hivi, kanisa linaweza kumfanyia ibada ya kumbukumbu, ili moyo wa mama utulie. Niliwaambia asante. Niliwaambia, "Lakini mtoto hazikwi kwa kukosa kushika simu." Walikunywa chai wakaenda. Ni watu wazuri, Kelvin. Wamechoka tu kuniona nikisimama.

Sasa nikuambie vile albamu ilitoka. Rono alikuja siku moja baada ya kanisa, na mkewe na kile kitoto chao. Ndiyo, ameoa. Mtoto amempa jina lako. Alinisalimia akakaa kwa ile stuli, akawa anazungusha kofia mkononi, nikajua kuna neno.

"Mathe, ile kazi yetu nataka kuitoa. Nimengoja mpaka siwezi tena. Nikiisikiza nikiwa peke yangu naumwa."

"Itoe, baba. Ni jasho lenu."

"Ni ule wimbo wa mwisho. Mahali pa Kevo." Bado anakuita Kevo. "Kuna jamaa wananiambia niweke picha yake kwa jalada, niandike chini apumzike kwa amani. Watu wataisikiza zaidi. Na kuna njia nyingine. Siku hizi kompyuta inaweza kujifunza sauti ya mtu. Tuko na sauti ya Kevo nyingi. Naweza kuandika mistari, itaiimba kama yeye. Hata nimejaribu kidogo."

Akabonyeza simu. Kelvin, ulikuwa wewe. Ulikuwa wewe kabisa, na ule mkwaruzo wa kooni ulionao tangu ile homa ya utotoni. Na nikueleze ukweli, kitu cha kwanza nilifikiria si albamu. Nilifikiria kumwomba Rono aiambie iseme, "Mathe, niko sawa." Neno lilikuwa limefika hapa kwa meno.

Badala yake nikamuuliza, "Hayo maneno ameandika nani?"

"Mimi, mathe."

"Basi huyo ni wewe, Rono. Si yeye."

Aliinamisha kichwa. Mkewe alikuwa anatazama ukuta.

"Na ile ya kuandika apumzike," nikamwambia, "usiiandike. Kama angekuwa amepumzika, Mungu angenipatia hata mahali pa kupeleka maua."

"Sasa niimbe hapo mimi?"

"Acha ngoma ipite tu. Alisema mistari iko tayari. Mwachie mahali."

"Watu watasema ni makosa, mathe. Watasema sisi hatujui kazi."

"Wacha waseme. Si ulikuwa unataka kuchekwa kama hao watu wa kusini?"

Alicheka, halafu akalia, mwanamume mzima, na kitoto chake kikamshika sikio. Nilimpikia chai. Sikuwa na kingine cha kufanya.

Sijui kama nilifanya vizuri. Siku zingine nafikiri nimewanyima watu wimbo mzima kwa sababu ya moyo wangu. Rono amefanya nilivyosema. Wimbo wa mwisho unapita bila wewe, ngoma na mimi mzee wa chini, mpaka mwisho.

Jana, sasa. Nilikuwa Kikopey kazini, saa za mchana, watu wamejaa. Vijana wa Nakuru wakaegesha gari, wakaagiza mbuzi, wakafungua buti ya nyuma, na ndani ya buti kulikuwa na spika kubwa kama mlango. Nilikuwa nasonga ugali. Nikaisikia kwanza kwa miguu, sakafu ikitetemeka. Halafu nikasikia sauti yako. Watu nisiowajua walikuwa wanakula nyama wakitikisa kichwa, na wewe unaimba juu ya banda langu la kuku, na trei, na baba yako na betri zake. Mmoja alikuwa anajua maneno yote. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka ugali ukaanza kushika chini.

Ukafika ule wa mwisho. Rono akaimba sehemu yake, akamaliza. Ngoma ikabaki. Vijana wakangoja kidogo, wakatazamana.

"Buda, imekwama."

"Haijakwama, hapa wamesahau kuweka mistari. Weka ingine."

Kijana akainuka aende kubadilisha. Mimi sijui miguu ilinipeleka vipi, nilijikuta pale nyuma ya gari na aproni yangu na mwiko.

"Wacha, boss. Usitoe."

"Lakini hakuna kitu hapo, mathe."

"Kuna mtu anangojwa hapo. Wacha iishe."

Sijui aliona nini kwa uso wangu, lakini alirudisha mkono. Ngoma ikapiga moja, ikafikiria, ikapiga ya pili. Sahani zilikuwa zinalia mezani. Na mimi nikafunga mdomo nikaguna pamoja na yule mzee wa chini, polepole, kwa mwendo wake, nikikuachia nafasi yako juu. Hukuingia. Ngoma ikaisha. Kijana akaniuliza kwa sauti ndogo kama ningependa airudie.

Nikamwambia airudie.

Mahali pako papo, mwanangu. Ukipata mahali hakuna kelele, tuma. Na kama hakuna, tuma na kelele zake.

Umekula?

Ni mimi mama yako, nitakayesimama tena Jumapili na wenye wasafiri.