Ngoma ya Shangazi Imevuka Bahari Bila Yeye

Mshauri mpendwa, nisaidie na tafadhali usinitaje, maana mtaani kwetu gazeti moja husomwa na nyumba kumi.

Mimi ni fundi wa kurekodi muziki, nina chumba kimoja nyuma ya duka la vioo, na nimelelewa na shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mkunga mstaafu, ambaye anapiga ngoma, tena mdundo wake mwenyewe alioutunga wodini kwa kugonga meza ya dawa ili kuwatuliza wanawake wenye uchungu. Mwaka juzi nilimrekodi uani kwake, nikijaribu maikrofoni mpya tu, na katikati ya kupiga akafoka, "Nani kachukua kandambili zangu? Rudisha kandambili!" huku mikono haijaacha ngoma.

Basi akaja mwanamuziki mmoja kutoka Ulaya, mpole, akasema anatafuta sauti ya asili, nikamchezea ile, akafumba macho, machozi yakamlenga, akauliza, "Ni ya nani?" Mshauri, sijui shetani gani alinipitia, nilitaka nionekane mjuzi, nikamwambia, "Haina mwenyewe. Ni ya mababu, ya kuombea mvua." Hakuuliza la pili, akaondoka nayo.

Leo wimbo alioutengeneza kwa rekodi ile unapigwa dunia nzima. Nimeona kwenye simu uwanja umejaa vijana wa Kizungu, mikono juu, wanapaza sauti, "Kandambili! Kandambili!" na wengine wanalia, na mmoja kajichora tatuu ya neno hilo shingoni. Kwenye maelezo kuna jina la yule bwana, kisha "ngoma ya kale, mtunzi hajulikani".

Wiki mbili zilizopita shangazi yuko saluni, rola kichwani, chini ya mashine ya kukaushia nywele, redio ikaupiga. Akasimama: "Jamani, huyo ni mimi!" Wanawake wakacheka hadi wakashikana mabega, msusi akasema, "Mama, hilo dude limekuchoma ubongo?" Akaja kwangu moja kwa moja, rola bado ziko kichwani, akaniuliza kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, wewe unajua mambo ya sauti. Niambie ukweli, nimeanza kuchanganyikiwa?"

Nami nikamjibu, "Shangazi, ngoma zote zinafanana."

Tangu siku ile hajapiga. Ngoma ameitia stoo, juu yake kapanga madumu. Nikisema ukweli nitampoteza, nikinyamaza namuua, na yule bwana kaniandikia anataka "maombi mengine ya mvua". Nifanyeje?

Fundi Mnyonge

*

Fundi,

Mnyonge ni shangazi yako. Wewe tafuta jina lingine.

Kandambili nimezicheka, sikatai, chai imenitokea puani. Lakini nilipofika pale uliposema ngoma zote zinafanana, kicheko kilinikauka. Kumwibia mdundo ni kosa. Ila mama huyo alikuja kukuomba umthibitishie kwamba ana akili zake timamu, nawe ukamwibia na hizo! Mchuma janga hula na wa kwao, lakini wewe umelichuma ukamwachia ale peke yake.

Na yule bwana asijifiche nyuma ya uongo wako. Kasikia mwanamke mzima anafoka, hakuuliza anasema nini wala kama yu hai. Ilimfaa mtunzi awe babu, kwa sababu babu aliye kaburini hadai jina lake. Huko kwao hathubutu kuchukua mdundo wa jirani bila kuandika jina la jirani. Kwetu anadhani ngoma huota zenyewe kama magugu.

Sikiliza sasa. Kesho asubuhi nenda kwa shangazi na rekodi ile ya kwanza. Piga magoti, mweleze yote, hasa jibu ulilompa siku ya rola, maana ndilo linalomuuma. Akikutukana, pokea. Usiniletee habari za shetani kukupitia, alipita akakukuta umemfungulia mlango. Akikubali, Jumamosi mwende naye saluni, ile saa viti vimejaa, uicheze rekodi yote mbele ya wale wale waliomcheka, useme kwa mdomo wako nani alipiga na nani alidanganya.

Halafu mwandikie bwana yule kwamba mtunzi anajulikana, yu hai, jina lake ni hili, na mvua haihusiki. Wimbo ubaki au ufutwe, hiyo ni kauli ya shangazi, si yako. Bwana akijifanya hasikii, mtafutieni mwanasheria wa haki za watunzi, na wewe uende kama shahidi, usijigeuze msemaji.

Tena usikawie. Katika bahasha zilizonifikia juzi imo barua ya mkunga mmoja mstaafu. Haulizi tena kama amechanganyikiwa; amekaa, akafikiri, akakumbuka ni nani alikuja uani kwake na maikrofoni. Swali lake ni moja tu: je, ni vibaya kumchapa mpwa mwenye miaka thelathini na minne?

Nimemjibu akupe hadi Jumamosi, na fimbo isiwe nene.