Mume Wangu Hunyamaza Juu ya Mnazi

Mpendwa Bi Barke,

Shikamoo mama. Nimekimbilia kwako kwa kuwa huku nyumbani sina wa kumwambia, naomba msaada wako na naomba usinicheke kwa hati yangu, maana kuandika nimejifunza ukubwani, na jambo lenyewe ni zito. Ukinijibu gazetini jina langu ulifiche, na la mtaa wetu na la tajiri wetu uyafiche pia, kwa hisani yako.

Mimi ni mke wa mkwezi. Tunakaa Mtopanga, ndani ya shamba la minazi la Bwana Ghanim, na mume wangu ndiye anayemwangulia nazi tangu hajanioa, na kwa kazi hiyo ndipo tuliporuhusiwa kujenga banda letu, karatasi hatuna, kibali chetu ni ile kamba yake ya kukwelea tu, na siku hizi za maneno ya Uhuru na ya Mwambao kujitenga wenye mashamba hawacheki tena na sisi tuliokaa kwenye ardhi zao, mtu akikosa kazi leo kesho anaambiwa avunje banda aende zake.

Wewe mtu wa pwani wajua desturi. Mkwezi hapandi mnazi ulio karibu na nyumba kimya kimya, hupiga ukelele, "Mkwezi huyooo!", ili wanawake walio uani wajifunike, kwa kuwa kule juu aona bafu za watu wote, na akiwa kileleni huendelea kuimba ama kusema peke yake, watu wajue yuko na walio chini wasogee nazi zisiwapasue vichwa, mpaka atakaposema "Nashukaaa". Mkwezi asiyesikika ni mwizi ama ni mchunguliaji, ndivyo tulivyolelewa. Mume wangu ana sauti nzuri, wallahi hiyo sauti ndiyo iliyonioza, nami nikisuka makuti hapa nyumbani humsikia mnazi baada ya mnazi na moyo wangu ukatulia.

Basi tangu alipougua homa ile kali baada ya mvua za masika, sauti inakatika. Anapiga ukelele, anapanda, anaanza kuimba, halafu kimya. Kimya kirefu, Bi Barke, mpaka kuti lanidondoka mkononi, nasimama nasikiliza kishindo, ndipo baadaye namsikia "Nashuka" kwa sauti ya mtu aliyetolewa kisimani. Nikimuuliza ananifokea. Siku moja akavua shati nikaona kifua kimechubuka chote, nikamkazania kwa machozi mpaka akasema, "Nikifika juu nashikwa na kisunzi. Macho yaingia giza. Naukumbatia mnazi mpaka dunia itulie." Kisha akaniapisha kwa jina la marehemu mama yangu nisimwambie kiumbe. "Ukisema," akaniambia, "umeniua wewe, si mnazi."

Nikanyamaza. Ndipo likazuka kubwa zaidi. Bi Alawiya, mke wa Bwana Ghanim, alikuwa uani akiosha nywele, akasikia mkwezi akajifunika kama ilivyo ada, akangoja, akasikia kimya, akadhani ameshashuka kwenda mnazi mwingine, akajifunua. Kuinua uso, mtu yuko juu yake! Akapiga unyende mtaa mzima ukaja. Nami nilikuwapo, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Amejikunyata kileleni, uso kautia ndani ya makuti, kimya kama mwizi!"

Mume wangu akawekwa barazani mbele ya wanaume wote. Bwana Ghanim akamuuliza, "Ulikuwa ukitazama nini uani kwangu?" Mimi nimesimama nyuma na wanawake, ulimi umefika menoni, mume wangu akanitupia jicho moja tu, nikaumeza. Akasema, "Nisamehe tajiri, shetani alinipitia." Mtu asiyeinua macho kwa mke wa mtu tangu ujana wake! Nyumbani nikamuuliza kwa nini amejipaka uchafu usio wake, akanijibu, "Mkwezi mwenye aibu hupewa mnazi mwingine. Mkwezi mwenye kisunzi hapewi hata mpapai."

Tangu siku hiyo nikienda bombani wanawake husema, "Funikeni ndoo zenu, mumewe asije akaona maji," wakacheka. Hayo ningeyavumilia. Lakini Bwana Ghanim amesema hatamfukuza, kwa kuwa amemtumikia sana, ila karibu na wake za watu hatapanda tena, na kuanzia Jumatatu ataangua ile minazi ya kale ya ufukoni, mirefu kupita yote, vidato vyake vya kukanyagia vimeoza, na hapana hata nyumba moja, mtu akianguka kule atalala mpaka siafu wamjue kwanza. Na mume wangu amefurahi, Bi Barke! Asema kule akinyamaza hapana wa kumsema.

Mwenzake, Mwinyihaji wa Mwakirunge, alianguka mwaka juzi, mpaka leo yuko kitandani, kiunoni kushuka chini hajui kama ana miguu, mkewe humgeuza kama mkeka. Mume wangu ndiye aliyembeba siku hiyo. Ameona kwa macho yake na bado anaitia kamba yake mafuta kwa Jumatatu.

Nikisema, nimevunja kiapo cha mama yangu na banda letu limekwenda. Nisiposema, ni mke wa mchunguliaji leo, na Jumatatu sijui ni mke wa nani. Nifanye nini, mama? Nifanye nini?

Mimi mwanao,
Mke wa Mkwezi

BI BARKE ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Pole, tena pole sana. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kukoroga uji, uji ukaungua. Sasa tega sikio, maana nina ya kukufariji machache na ya kukugombeza mengi.

Kiapo kwanza. Nani kakwambia marehemu mama yako amelala kaburini akingoja uje umuue mkwe wake kwa jina lake? Kiapo cha kumpeleka mtu kaburini hakimfungi mtu. Na hilo neno lake, "umeniua wewe", ni neno la mtu mwenye hofu anayetafuta pa kuitua. Ameitua kichwani mwako, nawe ukajitwika, ukanyamaza barazani, mumeo akivuliwa heshima aliyoijenga maisha yake yote. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hukulisikia hilo kwenu?

Tena nakushangaa. Ushahidi umeuandika kwa mkono wako mwenyewe na hukuuona. Bi Alawiya alisema nini? Uso kautia ndani ya makuti! Mwanangu, mtu anayechungulia hutia uso majanini? Mchunguliaji hufunua makuti, hajifuniki nayo. Yule bibi alimuona mtu anayepigania roho yake, naye kwa fadhaa, nami simlaumu, akadhani amemuona fasiki. Baraza zima la wanaume wenye ndevu wakalisikia neno hilo na asipatikane hata mmoja wa kuuliza.

Sasa fanya hivi. Ukishasoma haya, usipike, usifagie. Chukua ile kamba ya kukwelea uitie motoni, mpaka iwe jivu. Atafoka. Mwache afoke, anayefoka yu hai. Kisha jitande kanga yako uende kwa Bi Alawiya, kwa mlango wa uani, wala usipitie barazani kwa wanaume. Mwamkie kwa adabu, umwambie, "Bibi, siku ile ulimuona mume wangu macho yake yakiwa wapi?" Unyamaze. Mwache akumbuke mwenyewe. Akishakumbuka, mweleze habari ya homa na kisunzi na kifua kilichochubuka, kisha umuombe jambo moja tu, amwambie mumewe alichokiona, si alichokidhania. Mwanamke aliyemharibia mtu jina bila kukusudia hatalala kabla hajalirudisha, namna yoyote aliyo.

Na Bwana Ghanim akishajua, usimuombe sadaka, muombe kazi. Nazi zikianguka hazijifui makumbi zenyewe. Mumeo akae chini ya kivuli na kifuo chake, kile kijiti cha ncha, afue nazi, wewe usuke makuti, na mkwezi mpya atakapokuja mumeo amwonyeshe upi mnazi mzima na upi umeoza, maana anaijua yote. Kisha mvushe daraja aende hospitali kubwa kisiwani, apimwe damu na macho. Kisunzi cha baada ya homa kina dawa zake. Mwinyihaji wa Mwakirunge hana.

Nawe mume, najua utasomewa. Sikukasirikii, nakuhurumia mpaka nakasirika. Umeona afadhali watu wakuite mchafu kuliko wakuite mgonjwa. Basi enda Mwakirunge, ukae saa nzima kitandani kwa mwenzako, umtazame mkewe anapomgeuza, kisha urudi umtazame wako.

Bwana Ghanim, heshima yako iko palepale. Lakini adhabu yako ni kumpeleka mgonjwa akaanguke pasipo mashahidi. Hukujua. Leo umejua.

La mwisho, mwanangu, nawe huenda usinisamehe. Uliniomba nifiche majina. Lako nimelificha, na la mumeo hukulitaja. La mtaa na la tajiri nimeyaacha kama ulivyoyaandika. Gazeti hili hutoka Ijumaa, husomwa kwa sauti vibarazani baada ya sala, na Mtopanga nzima hakuna mkwezi mwingine aliyehamishiwa minazi ya ufukoni. Mpaka jua lichwe kila mtu atakuwa amejua. Nimefanya makusudi, ili Jumatatu mumeo asiwe na siri ya kuipandia mnazi, nawe usiwe umevunja kiapo chochote, maana aliyesema ni mimi.

Akitafuta wa kumchukia, mpe jina langu. Nakubali kuchukiwa na mtu aliye hai.

Bi Barke