Saa Kumi, Kiwanja cha Wiyoni

Jumatatu, 30 Septemba 1968
Nimeitwa! Barua ina muhuri: kesho saa mbili asubuhi, intavyu ya mwalimu wa mpira wa timu ya wilaya. Umulkheir kaipiga pasi kanzu yangu mara mbili. Nikamwambia, mke wangu, sendi kuposa! Kanijibu hata nikiposa sitapewa mke, kwa mikono hii ya chokaa.

Timu hii nimeilea miaka tisa, kila jioni nikitoka kwenye uashi. Sasa kamati inataka kuitafutia mwenyewe. Mwenyewe ni mimi.

Jumanne, 1 Oktoba
Kwenye benchi tangu saa mbili. Nimeitwa ndani saa saba. Pole hakuna, hata maji ya kunywa.

Watu watatu, msemaji mmoja — Bwana Patroba, katibu wa kamati, kaja kutoka bara mwezi wa Agosti. Una cheti? Sina. Umesomea wapi kufundisha? Mchangani, Wiyoni. Wakacheka. Mbona wachezaji wako wanacheza miguu mitupu? Nikamwambia timu ya polisi ilikuja na viatu, ikarudi navyo, na mabao manne juu. Hapo hakucheka mtu.

Basi Jumamosi majaribio. Mimi, na bwana mmoja Rufus mwenye cheti cha Nairobi. Kila mmoja aifundishe timu nusu saa mbele ya kamati. Kiwanja cha Wiyoni, saa kumi jioni.

Nikasema, Bwana, Jumamosi ni bamvua. Saa kumi bahari imejaa, kiwanja chote maji. Tufanye saa nne asubuhi, maji yamekupwa. Akasema kiwanja amekiona kwa macho yake, kikavu, na barua zimeshapigwa taipu. Tena mtu wa michezo hatafuti visingizio.

Mimi! Visingizio!

Alhamisi, 3 Oktoba
Hasira haijaniisha. Umulkheir asema watu wa bara nti kavu waijua, bahari hawaiulizi, basi nirudi nikamweleze taratibu. Sirudi. Nimesema mara moja, kwa adabu. Mwenye macho haambiwi tazama. Wametaka saa kumi, nitakuwepo saa kumi, na timu nzima.

Lakini naogopa. Niandike kweli, hapa hasomi mtu. Kazi hii naitaka mno. Nikiikosa, Rufus atapewa wachezaji wangu, nami nitakuwa mtazamaji kama watu wengine.

Jumamosi, 5 Oktoba
Naandika na suruali bado imelowa.

Kamati ilikuja na viti. Milingoti ya goli imesimama baharini! Patroba akauliza nani kahamisha kiwanja. Wallahi aliuliza. Rufus, viatu vyeupe, filimbi shingoni, akasema yeye hafundishi samaki.

Nikavua makubadhi. Nikawaingiza vijana hadi magotini — mbio, geuka, pasi ya kichwa, rudi! Ndivyo tulivyoipata miguu ile inayoogopwa. Nikampigia Patroba kelele: nusu saa yangu imeanza, Bwana! Anayetaka kunipa maksi avue viatu!

Watu wakaangua kicheko. Patroba hakuvua. Akakunja karatasi zake akaenda. Rufus nyuma.

Huenda kazi imekwenda na maji. Na iende!

Jumapili, 6 Oktoba
Hodi mlangoni. Patroba! Peke yake, na tai, ametoka kanisani.

Radhi hakuomba. Kasema majaribio yaendelee, Rufus naye apate nusu saa yake, haki ni haki. Sawa, haki ni haki. Ila hajui siku gani kiwanja kitakuwa kikavu saa kumi. Kawauliza wachezaji, na kila mmoja kamwambia hatoki kucheza mpaka Mwalimu aseme siku.

Mwalimu! Kalitamka mwenyewe, huku anatazama chini.

Nikamwambia aketi barazani, nitazame kalenda. Kalenda ya nini? Maji nayajua kwa kichwa. Nimeingia ndani, nimefungua daftari hili.

Umulkheir kampa kahawa, kaja kuninong'oneza: Jeilani weye, mtu akungoja, nawe waandika!

Angoje. Jumanne nilikaa kwenye benchi lake masaa matano. Yeye kikombe cha kwanza hata hajamaliza.