Mvua ya Julai

Jumanne, 9 Septemba 2025
Generosa, mjukuu wangu, amechagua R, programu ya kompyuta ya takwimu, kwa utafiti wake wa mvua. Mimi nilimshauri atumie Excel — nilimfundisha mwenyewe, kabla miguu haijagoma. Maximilian, niliyefundisha naye hesabu, akamwambia Excel ni jembe la mkono, R ni trekta. Wakacheka. Na mimi nikacheka! Mvua yenyewe ni yangu. Niliipima mimi, kule kijijini Kasokola, Generosa hajazaliwa. Sasa jioni zote yuko Kashaulili kwa Maximilian. Kwangu analeta uji tu.

Alhamisi, 11 Septemba
Kaniletea laptop kitandani nione grafu. Nzuri. Nzuri kuliko zangu zote za penseli — imeniuma. Kisha nikaona Julai. Mvua, Julai! Anasema ndio ugunduzi wake: kiangazi cha Mpanda kilikuwa na mvua, sasa imepotea. Jumatano atawaonyesha walimu wake Dodoma.
Mvua hiyo haikuwepo. Kwenye daftari langu la mvua niliandika siku kwanza, halafu mwezi. Programu imesoma mwezi kwanza. Tarehe saba Januari imekuwa Julai mosi. Kosa la kurekebisha kabla chai haijapoa.
Nikasema, "Hongera, mama."
Nilitaka Maximilian aumbuke na trekta lake.

Jumamosi, 13 Septemba
Padri amekuja kunipaka mafuta ya wagonjwa. Nimeungama yote, isipokuwa Julai. Atakayesimama mbele ya walimu si Maximilian, ni mtoto huyu anayenigeuza kitandani. Najua. Bado sijasema.

Jumapili, 14 Septemba
Basi lake linaondoka kesho alfajiri. Nikamwita, nimeshaamua kumwambia. Akaingia na Maximilian.
Nilitegemea majigambo. Mzee kavuta kigoda hadi kitandani, akasema taratibu, kama mwanafunzi, "Mwenzangu, hii Julai inanisumbua. Mimi sikumbuki kulowana Julai hata siku moja. Wewe ndiye uliyepima. Ilinyesha?"
Generosa akanitazama.
Hata hapa kaniwahi! Nikisema sasa, aliyeligundua kosa ni yeye. Nikinyamaza, mtoto anaondoka nalo.
Nimewaambia nyie nipeni uji kwanza, koo limekauka. Wako jikoni. Nawasikia wanacheka, Maximilian anakoroga, Generosa anamwambia sukari imezidi, Babu hapendi.
Sasa nasikia kikombe kinakuja —